Kope ya Biubwa

Biubwa Maulidi hajawahi kusinzia kwenye usukani, na anayebisha aje hapa bandani kwangu nimpe chai kwanza, halafu tugombane vizuri. Nasema hivi kwa sababu upo wakati ambapo watu wazima, wenye akili zao na vyeti vyao, walikuwa wanasema analala huku anaendesha. Waliambiwa na gari, wakaamini.

Mimi naitwa Hajira, na kazi yangu ni kupika. Banda langu liko mlangoni kabisa mwa yadi ya kampuni moja ya mbegu, hapa Kibaha, na madereva wote wa kampuni wanakula kwangu. Sijui kuendesha hata baiskeli. Lakini mtu ukikaa miaka yote unawapa madereva supu asubuhi na ugali mchana, habari za magari utazijua upende usipende, maana watu hawa hawana mazungumzo mengine. Wakimaliza magari wanaingia kwenye mpira, na mpira ukiisha wanarudi kwenye magari.

Biubwa alizaliwa na kope moja iliyolegea, ya jicho la kushoto. Inashuka mpaka nusu ya mboni na inakaa hapo hapo. Haimuumi wala haimzuii kuona. Bibi yake alikuwa nayo, na mkunga alimwambia mama yake kwamba ya mtoto itanyanyuka yenyewe akianza kutembea. Mtoto akatembea, akakimbia, akaolewa, kope ikabaki pale pale. Kwao Maneromango, huko Kisarawe, watoto wenzake walimbandika jina la Usingizi, naye aliwapiga wote waliomwita hivyo, wavulana kwa wasichana, mpaka jina likakosa wa kulitamka. Hayo kanisimulia mwenyewe, kwa furaha tele, bila dalili yoyote ya kujuta.

Udereva alijifunza kwa mjomba wake Kudra, aliyekuwa na pikapu ya kubebea nazi na mihogo kutoka Maneromango hadi Kisarawe mjini. Pikapu hiyo ilikuwa haimalizi safari bila kuzimika njiani. Ikizimika, kazi ya Biubwa, akiwa bado yuko shule ya msingi, ilikuwa kuruka chini na panga, kukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani nyuma ya gari, mbali kidogo, ili anayekuja ajue kwamba mbele kuna gari bovu. Majani hayo kila mtu nchi hii anayajua. Ile pembetatu nyekundu utaikuta imelala kwenye buti, ndani ya nailoni yake, inamsubiri trafiki aiulizie. Kazi yenyewe inafanywa na majani.

Mjomba Kudra alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa hilo. "Ukiona majani, toa mguu kwenye mafuta," alikuwa akimwambia. "Usiulize ya nani, usiulize ya lini. Toa mguu kwanza, maswali baadaye." Biubwa anasema ilifika mahali akiona majani barabarani anapunguza mwendo hata kama anatembea kwa miguu.

Alipokua aliendesha pikapu ile ile, kisha lori la mchanga, kisha basi la shule moja binafsi upande wa Mlandizi. Pale kwenye basi la shule wazazi kadhaa walikataa watoto wao kupakiwa na mwanamke, tena mwanamke anayeonekana kama ndiyo kwanza ameamka. Biubwa aliwaambia wapande wao kwanza. Wakapanda, akawazungusha, wakashuka, na kesho yake watoto wakaletwa. Mumewe, Mudathir, ni fundi cherehani pale Maili Moja. Yeye hana leseni na wala hana mpango nayo, husema dereva mmoja anatosha kwa nyumba moja.

Huyo ndiye mtu ambaye kampuni ya mbegu ilimwajiri, na kwa miaka yote aliyowaendeshea hajagonga hata kuku. Tuelewane hapo kwanza kabla sijaendelea.

Mwaka juzi kampuni ikaleta magari mapya. Si yale tuliyoyazoea, yanayotoka Japani yakiwa yameshachoka, yanayokusalimia Kijapani ukiyawasha. Haya yalikuja mapya kabisa, viti bado viko kwenye nailoni, na kila moja lilikuwa na akili zake. Linajua mistari ya barabara. Linajifungia breki lenyewe likiona kitu mbele. Na juu ya usukani kuna kikamera kidogo kinachomtazama dereva machoni. Kikiona amesinzia, gari linalia, kwenye kioo kidogo cha dashibodi inatokea picha ya kikombe cha kahawa, na taarifa inaruka mpaka ofisini kabla dereva hajapiga hata mwayo.

Siku za mwanzo banda langu liligeuka bunge. Twalibu, dereva mkongwe kuliko wote, ndiye aliyeongoza upinzani. Alisema usukani unamvuta. Akitaka kukwepa shimo lazima avuke mstari mweupe, na akivuka bila kuwasha indiketa, usukani unajirudisha wenyewe na kumpeleka shimoni. "Gari linaheshimu rangi kuliko tairi lake," alisema, wenzake wakacheka mpaka supu ikawapalia. Mwingine akasimulia kwamba gari lilimfungia breki kule Janga kwa ajili ya ng'ombe aliyekuwa anaenda zake pembeni, na bodaboda aliyekuwa nyuma akamvaa. Mkanda nao ulikuwa kesi. Usipoufunga gari linapiga kelele mpaka ukome, kwa hiyo wengine walikuwa wanaufunga nyuma ya mgongo na kuukalia, wakajiona wajanja sana.

Halafu siku moja sokoni Mlandizi mtoto alichomoka kati ya meza za nyanya akikimbiza mpira, na gari la Twalibu likafunga breki kabla mguu wake haujafika. Twalibu alirudi yadi akakaa kwenye benchi bila kuagiza chochote. Nilimpelekea chai ikapoa mbele yake. Baadaye sana akasema, "Hajira, yule mtoto mimi nisingemuwahi." Tangu siku hiyo usukani ukimvuta anatukana kidogo tu.

Ndivyo walivyokuwa wote. Asubuhi wanalitukana gari, jioni wanalisifu, na mimi sikuona ubaya, kwa sababu hata waume zetu tunawafanyia hivyo hivyo.

Kwa Biubwa mambo yalikuwa tofauti. Siku ya kwanza aliyokabidhiwa gari jipya, hata geti hajalipita, likalia. Nilidhani mtu ameacha mlango wazi. Akasimama, akaangalia milango, yote imefungwa. Akaondoka, likalia tena. Kioo kikamwonyesha kikombe cha kahawa. Akanitolea kichwa dirishani: "Shoga, gari linataka kahawa, una kahawa?" Tukacheka sana siku ile.

Kicheko kiliisha haraka. Kikamera kilikuwa kinaiona ile kope, kinaona nusu ya jicho imefungwa, basi kinaamua mtu huyu kalala. Akienda Mlandizi linalia njia nzima. Akienda Kisarawe linalia akienda na linalia akirudi. Kila mlio ni taarifa, na taarifa zikijaa zinageuka onyo. Mwezi haujaisha, dereva aliyekuwa anasifiwa kwenye kila kikao cha mwaka akawa ndiye dereva hatari kuliko wote kwenye kampuni nzima. Roho iliniuma mimi, sembuse yeye.

Afisa usafirishaji wetu anaitwa Isaya. Ni mtu wa Musoma, mtaratibu, shati lake siku zote limenyooshwa, na yeye ndiye aliyeyapigania magari yale mpaka yakanunuliwa. Sitamfanya mbaya, maana si mbaya. Mdogo wake wa mwisho alifia kwenye basi ambalo dereva wake alisinzia, na picha yake iko juu ya meza ya ofisini mpaka leo. Kwa hiyo kikamera kile, kwake yeye, hakikuwa jambo la mzaha.

Wenzake Biubwa walimpa mbinu. Twalibu alimwambia abandike plasta juu ya kikamera. Evodius, kijana wa Bukoba, mcheshi, anayekula sahani mbili na kuzisifia zote, alimpa mbinu bora zaidi. Yeye alikuwa amenunua miwani myeusi ya kung'aa, ile ambayo ukimtazama mtu unajiona mwenyewe. Akiivaa, kikamera hakioni macho, kinahangaika kidogo, kinakata tamaa. "Da' Biubwa, mimi sijawahi kuliliwa hata siku moja," alisema. "Ofisini naitwa dereva bora. Nikuletee na wewe?"

"Peleka huko," Biubwa alimjibu. "Nifiche uso wangu kwa ajili ya gari? Uso huu nimetembea nao Maneromango nzima."

"Basi weka plasta."

"Plasta siweki. Kesho atakaa humo mtu anayelala kweli, nani atamwamsha?"

Mnaona hapo alivyo. Kamera inamtukana kila siku, naye bado anaitetea. Nilimwambia ana kichwa kigumu, akasema anajua.

Siku moja Isaya alikuja mwenyewe bandani. Kwa kawaida hutuma mtu amchukulie chapati, siku ile akaja, akakaa kwenye benchi karibu na Biubwa. Nikajua kuna jambo. Nilikuwa nakuna nazi, nikakuna taratibu nisikie.

"Dada Biubwa," alisema, "kampuni ina bima. Kuna daktari bingwa mjini anainyanyua kope kama hiyo. Unaingia asubuhi, jioni uko kwako. Hutatoa hata senti yako."

"Naumwa?" Biubwa akamuuliza.

"Hapana, ila..."

"Uliniambia nikapime macho, nikapima. Daktari alisemaje?"

"Alisema unaona vizuri."

"Sasa anayehitaji daktari hapo ni nani, bosi? Mimi au gari?"

Isaya aliiweka chapati chini. "Mimi nakuamini, dada yangu. Lakini makao makuu hawakuoni wewe, wanaona maonyo. Wameniambia mwisho wa mwezi huu maonyo yakiwa yanaendelea, funguo zako zibaki ofisini, uhamie stoo. Na mimi..." Akanyoosha kola ya shati lake. "Mimi siwezi kumwachia usukani mtu ambaye mashine inasema amelala. Unajua kwa nini siwezi."

"Najua, na nakupa pole kila nikiiona ile picha," alisema Biubwa. "Lakini aliyemuua mdogo wako alikuwa amelala. Mimi niko macho. Kope hii alikuwa nayo bibi yangu, nimezaliwa nayo na nitazikwa nayo. Simkatazi mtu kwenda hospitali. Mimi siendi kukatwa uso ili gari lifurahi."

Isaya aliondoka na chapati yake haijaisha. Biubwa akavuta beseni langu la vitunguu, akaanza kuvimenya bila kuombwa, anakata utadhani vimemkosea. Nikamwona anajifuta machozi kwa kiwiko. Nikamwambia, "Vitunguu vya leo vikali." Akasema, "Si vitunguu, Hajira. Ni hasira." Nikamwacha alie mpaka beseni likaisha, na mimi mwenyewe macho yangu hayakuwa makavu. Stoo! Mtu aliyeshika usukani tangu miguu haifiki vizuri kwenye breki, eti akapange mifuko ya mbegu.

Nilimuuliza siku nyingine, tukiwa wawili, kama hafikirii tu kukubali, maana watu wanakatwa vitu vikubwa kuliko kope na wanapona. Alinitazama kwa jicho lake lile, akasema, "Leo nikikubali kope, kesho gari litasema masikio yangu makubwa." Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia kabisa kampuni ilipoandaa siku ya wakulima kule Mzenga, upande wa Kisarawe, kuwaonyesha wakulima mbegu mpya ya mihogo. Mimi nilipewa kazi ya kupika. Tulikwenda na gari moja: Isaya na mimi nyuma, Evodius kwenye usukani na miwani yake ya kung'aa, na Biubwa kiti cha mbele kushoto. Isaya alikuwa ameshaanza kumtoa kwenye safari ndefu, lakini wakulima wa kule wanamjua Biubwa na vichochoro vya mashamba yao anavijua yeye, kwa hiyo alimhitaji awe mwelekezaji. Biubwa alikubali bila neno. Alikaa, mkanda kafunga vizuri, mikono juu ya mapaja, na nilimhurumia zaidi kuliko angepiga kelele.

Barabara ya Mlandizi kwenda Mzenga haina mistari ya kuheshimu. Gari likachanganyikiwa, likanyamaza. Evodius akacheka, "Huku tuko wenyewe sasa."

Siku ya wakulima ilikwenda vizuri. Pilau langu liliisha, isipokuwa kidogo nililobakiza makusudi kwenye sufuria dogo la kwenda nalo nyumbani. Evodius alikula sahani zake mbili, akaongeza ukoko. Nilimwona anapiga miayo pale chini ya turubai, nikamtania kwamba pilau limemlewesha. Akasema nyumbani ana mapacha wachanga, na akilala mmoja anaamka mwingine. Nikamwambia alale kidogo kabla hatujaondoka. Akasema bosi ana haraka.

Tukaondoka alasiri, jua kali. Kwenye vumbi gari lilitutikisa sote, hakuna aliyeweza kusinzia hata kama angetaka. Tulipofika Mlandizi na kuingia kwenye lami, likatulia ghafla, kiyoyozi kinapuliza, raha tupu. Mimi nilikuwa nimepakata sufuria langu. Isaya alikuwa ameinama mbele kati ya viti viwili, anamwonyesha Biubwa kioo cha gari, kwa sauti ya kubembeleza.

"Ona, dada. Tumetoka asubuhi mpaka sasa, Evodius hana hata mlio mmoja. Ndicho ninachokitaka kwa wote. Sikuonei."

Biubwa hakuwa anatazama kioo cha gari, alikuwa anatazama barabara. Na hapo, kabla hatujafika Visiga, mimi mwenyewe nikayaona. Majani. Tawi moja bichi katikati ya njia yetu, mbele kidogo tawi lingine, halafu jingine.

Gari likapita juu ya tawi la kwanza kwa mwendo ule ule.

Nilimwona Biubwa anageuza shingo. Hakutazama macho ya Evodius, maana hayakuonekana, alitazama mguu wake. Kisha akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu: "Evo! Majani!" Hapo hapo mkono wake wa kulia ukaruka kwenye usukani na kuuvuta kushoto. Nikaona mgongo wa lori, nusu uko kwenye lami, unakuja kwetu mkubwa kuliko nyumba. Gari nalo likapiga kelele na kujifungia breki kwa nguvu, Evodius akazinduka akakanyaga na yeye, nikapaa, mkanda ukanirudisha, sufuria halikuwa na mkanda. Tukasimama kwenye nyasi. Kati ya taa yetu ya mbele na tairi la lori ungeweza kupitisha mtu mwembamba, mnene asingepita.

Utingo wa lori alikuwa amekaa kwenye nyasi upande wa pili, ndizi mkononi, mdomo wazi. Pilau langu lote lilikuwa kwenye shati la Isaya.

Evodius akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilisinzia," alisema. "Mungu wangu. Nilisinzia, na lenyewe halikusema kitu."

"Lingesemaje na umelifumba macho?" Biubwa alimwambia, lakini kwa upole, kisha akashuka.

Tulishuka sote. Isaya alitembea nyuma mpaka kwenye lile tawi la kwanza, tairi letu limepita juu yake, akachuchumaa akalishika. Alikaa pale muda. Nilimfuata nikampangusa wali mabegani, maana sikujua la kufanya jingine. Biubwa akaja akasimama karibu.

"Ulijuaje kwamba amelala?" Isaya akamuuliza bila kunyanyua uso.

"Hakutoa mguu," alisema Biubwa. "Nani anaona majani asitoe mguu? Hata wewe ungetoa."

Isaya akatikisa kichwa kukubali. "Ningetoa," alisema.

"Na gari nalo lilifunga breki, usije ukasema nimelinyima haki yake. Mimi peke yangu nisingelisimamisha. Ile breki naikubali, kuanzia leo nitaisifu mbele ya watu. Ila usinitake nikubali kuambiwa nimelala nikiwa macho."

Evodius alikuwa amesimama kwenye nyasi kichwa chini, anasubiri kufukuzwa. Isaya alimtazama, na nikaogopa, kwa sababu nilijua anamwona nani pale. Uso wake ulibadilika. Lakini Biubwa akaingia katikati yao, akamkinga Evodius asionekane na Isaya.

"Huyu umpe ruhusa akalale, usimfukuze. Ana mapacha wachanga, aliogopa kukwambia. Mmewatisha kwa maonyo mpaka wanazificha nyuso zao. Mtu akichoka anavaa miwani, hasemi. Miwani hiyo mimi niliikataa, bosi, na mimi ndiye niliyeitwa hatari."

Isaya aliingiza mkono mfukoni kutafuta leso, akatoa leso yenye wali. Biubwa akamnyooshea Evodius kiganja. Evodius akampa ufunguo.

Nilimtazama Isaya, nikasubiri akatae. Alifungua mlango wa nyuma, akapanda, akafunga mkanda.

Biubwa akakaa kwenye usukani. Akasogeza kiti, akarekebisha vioo, akangoja magari yapite, akaturudisha kwenye lami taratibu. Hatujafika mbali gari likalia. Kikombe cha kahawa kikatokea kwenye kioo.

"Niko macho," Biubwa akaliambia, kwa sauti ya kawaida, vile unavyomjibu mtu aliyebisha hodi.

Likalia tena.

"Nimesema niko macho."

Pale Visiga alianza kuzungumza huku anaangalia mbele. "Bosi, mwisho wa mwezi si huu? Jibu langu nakupa leo. Kope sikati. Stoo siendi. Kikamera msikizime, kikae, kiwaamshe wanaolala, na mimi siku nikilala kweli kiniamshe. Lakini kikilia, kabla hamjaandika onyo, mtu mwenye macho aangalie ile picha. Aniangalie mimi. Akiona nimelala, nifukuzeni siku hiyo hiyo, nitaondoka na asante. Hilo likiwashinda, sema sasa hivi nisimamishe gari nishuke. Maili Moja nitafika hata kwa miguu."

Na angeshuka. Mimi namjua. Tayari mguu wake ulikuwa umetoka kwenye mafuta, na gari lilikuwa linapunguza mwendo.

Isaya alikuwa anabandua punje za wali kwenye kola. Evodius mbele hakuthubutu hata kukohoa. Nilimwombea Biubwa moyoni, na hapo hapo nikamwapiza Isaya, nikaahidi kwamba akisema vibaya hatakula chapati yangu tena maisha yake yote.

"Makao makuu watapiga kelele," alisema mwishowe.

"Wapige. Hata gari linapiga."

Mwendo ukazidi kupungua, indiketa ya kushoto ikaanza kugonga. Na hapo gari likalia tena, kikombe kile kile, kwa ubishi ule ule. Biubwa akavuta pumzi ajibu, lakini hakuwahi.

"Yuko macho!" Isaya alilifokea gari kutoka nyuma. "Yuko macho. Endesha, dada, twende."